Jedwali Lenye Miguu Minne

Swali la tatu: jaza jedwali la mvua.
Mu Plo akachora meza.
Miguu minne, sahani tatu za wali,
na ya nne imefunikwa.

Kwa Kiingereza, meza na jedwali
ni neno moja; kamusi yake
ilifungukia jikoni.

Nje, theluji ya Minnesota
inafuta uwanja wa mpira.
Bi Halvorsen anairudishia kifuniko kalamu nyekundu,
anavuta kiti.
"Nani anakula hapa?"

"Mama. Bibi. Mimi."

"Na Juni, mvua ilikuwa kiasi gani?"

Anahesabu kwa Kikaren, midomo tu,
kisha ndani ya sahani ya bibi
anaandika: milimita mia na nne.

Sahihi.
Kuhusu ile iliyofunikwa,
kitabu hakikuuliza.