Ua

Darasa la nne mwalimu aliandika ubaoni: *ua*.
La shambani, la nyumba, na la kutoa roho.
Neno moja, akasema, msilichanganye.
Mimi nilikuwa nimeshalichanganya.

Kwetu Nyamira, mama alichuma pareto umande ukishakauka,
vichwa vyeupe vyenye jicho la njano,
vidole vikimwasha hadi kwenye viwiko.
Aliyaanika uani, juu ya turubai la buluu,
na nzi aliyejipitia hapo kutafuta kivuli
alianguka chali, miguu ikipiga hewa,
kama mtu aliyekumbuka deni usingizini.
Nyuki pia. Hilo mama hakupenda tulitaje.

Sasa niko Kasarani, koti jeupe, barakoa.
Napika mchele nisioula:
chenga za Mwea, nusu kilo kila mfuko,
ukipoa naupandia ukungu, nafunga, nangoja.
Siku ya kumi umegeuka kijani,
kijani cha sweta za shule.
Ukungu huu hauna pupa.
Humtua mdudu mgongoni kama vumbi,
hupekecha gamba, huingia, hukaa
siku nne, tano, mgeni asiyeuliza chakula
kwa kuwa chakula ni mwenyeji.

Mama Wairegi, mwenye ploti, aliniona na gunia la pili.
"Mchele wote huo unamlisha nani?"
"Kifo cha vidukari," nikasema, nikidhani nachekesha.
Wiki mbili hakunisalimu.

Jumapili spika hupita Mwiki, imefungwa kwenye mkokoteni:
*kunguni, mende, viroboto, panya, hamsini tu, hamsini!*
Alinunua. Akanunua tena.
Mjukuu akakohoa hadi asubuhi,
kunguni wakarudi wakiwa wamenona.
Usiku wa manane akanigongea,
kanga begani, sauti chini:
"Una ile ya kwenu?"

Ile ya kazini si yangu kuitoa.
Lakini nilikuwa na kopo la maziwa ya unga,
mama alilotuma kwa basi, limefungwa gazeti,
pareto aliyoitwanga mwenyewe.
Nikamwonyesha: kwenye nyufa, kwenye mishono ya godoro,
mtoto alale kwingine, ziba pua.
Haidumu, nikamwonya. Jua likiipata, imekwisha.
Akaitazama ile unga ya rangi ya haradali.
"Sumu inayojua kuondoka," akasema,
"ingekuwa mpangaji ningempunguzia kodi."

Sijui kama kunguni waliisha. Tangu hapo ananisalimu.

Jana mama alipiga simu kutoka kilimani,
upepo ukiongea kabla yake.
Akauliza tena, kama kila mwezi,
kazi yangu hasa ni nini huko.
"Naua, mama," nikasema.
Mtandao ukakatika, ukarudi.
Yeye alisikia *maua*. Akafurahi sana.
"Ya rangi gani?"

Nikatazama mifuko kwenye rafu.
"Kijani," nikamwambia.