Ukurasa wa Arobaini na Saba

Gervas dalali kaniletea taarifa ya mwaka,
karatasi laini, inanukia wino.
Kwenye jalada, mnara wa kuchimbia mafuta
na kijana wa kofia ngumu anacheka
kama hajawahi kucheleweshewa mshahara.

"Mama Mwatumu, hawa hawachimbi.
Hawa wanauza keekee. Kisima kiwe na mafuta,
kiwe kikavu, wao wameshalipwa."

Maneno matamu. Niliyasikia mwaka ule wa gesi,
mimi na marehemu Mfaume, hapa hapa Gerezani,
tukajaza ghala beringi, sili, minyororo,
kwa mkopo.
Muuza jembe, kweli, halimi.
Lakini mvua ikigoma misimu miwili
nani anarudi kununua jembe?

Basi nafunga duka saa kumi na moja,
nawasha feni, nachukua kikokotoo
(saba yake haibonyezeki bila hasira),
nasoma.

Mauzo yamepanda. Haya.
Faida imepanda. Haya, na fedha taslimu?
Ziko kwa wadaiwa, siku mia na arobaini.
Mimi mteja wa siku arobaini simpi tena hata nati.
Deni ni la dola, na riba haina Jumapili.
Gawio wanatoa, ila kwa kukopa:
karamu ya kuazima sufuria, na mchele, na wageni.

Ukurasa wa arobaini na saba, herufi ndogo
za mtu anayeomba usome haraka:
mali iliyoko ghalani, mwaka wa tatu inaongezeka.

Hapo nikaweka kalamu chini.

Chini ya kaunta hii kuna sanduku la buluu.
Keekee nne, Mfaume alizifunga kwa karatasi ya grisi.
Kila mwezi nazifungua, nazipaka, nazifunga.
Kwenye daftari langu nazo ni mali.
Mkononi ni baridi tu, na uzito.

Gervas anapiga simu: bei nzuri leo, Mama.
Nzuri kwa nani?
Anacheka. Sicheki.

Sijasema sinunui.
Nimeandika bei yangu kwa chaki nyuma ya mlango,
nusu ya yao,
chini ya namba ya fundi feni.
Yule kijana akiacha kucheka, tutazungumza.

Ila Gervas anataka taarifa yake irudi safi,
na ukurasa wa arobaini na saba
umeshashika dole gumba langu,
jeusi, mistari yote inasomeka.