Nyuzi za Mkono wa Alojz

Ziara ya kwanza. Miezi mitatu baada ya gesi.
Naweka kipimapembe juu ya fundo la kidole,
naandika: nyuzi kumi na nne.
Nyuzi za pembe; zile za kushonea zilishatolewa.
Huo ndio mkunjo wote uliosalia
kwa mkono uliopasua makaa ya mawe miaka ishirini na sita
chini ya Ruda, mita mia tisa,
mahali ambapo methani haibishi hodi.

Unauliza, kwa Kisilesia, kama wazazi wangu
walinisomesha ili nihesabu vidole vya watu.
Nacheka. Wewe hucheki.

Fomu ina maswali arobaini na moja.
La saba: muwasho, kutoka sifuri hadi kumi?
Unasema, andika sisimizi.
Nasema, fomu inataka namba.
Unasema, basi wahesabu. Wamevaa buti.
Nimeandika tisa. Sisimizi wako nimewaweka pembeni,
kwa penseli, mahali profesa hasomi.

Kila asubuhi Dobrochna huja na mafuta,
hulikanda kovu kama donge lililokataa kuumuka,
huvuta kidole, husubiri, huvuta.
Wewe humtukana Mtakatifu Barbara
kisha humwomba radhi: mtakatifu, si Dobrochna.
Halafu glavu ya kubana, saa ishirini na tatu.
Katika hiyo moja iliyobaki ngozi hufanya ukaidi wake,
hujikunja kama karatasi iliyosogezwa jikoni.
Usiku ni banzi. Unalala kiganja kimefungwa wazi
kama cha mtu anayesimamisha gari.

Waliosema mwenye kovu usidhani kapoa
walijua bila kipimo chochote.
Mimi nahitaji wagonjwa themanini, miaka miwili, na ruzuku,
ili niseme hayohayo kwa jedwali.

Ziara ya tatu ulinionyesha picha kwenye simu:
banda la njiwa juu ya kibanda cha matofali mekundu,
Trudka mkeo akiwarushia mahindi.
"Anarusha kama anafukuza mbwa," ukasema.
Ilikuwa sentensi yako ya kwanza ambayo sikuiuliza.
Ngozi ya paja, ile waliyoitoboatoboa ili itandazike,
imeacha alama za wavu mgongoni mwa mkono.
Ukazitazama. "Wamenijengea banda."

Kidole kimoja hakivunji chawa,
na vyako vitatu vilikuwa vimegandana kuwa kimoja.
Machi wakavitenganisha tena kwa kisu.
Tukaanza upya: nyuzi nane,
nyuma ya pale tulipoanzia.
Wiki ile hukujibu swali hata moja,
na mimi sikukuuliza la saba.

Ziara ya mwisho umekuja na boksi lenye matundu.
Mapokezi walipinga; umepita.
Ndani, njiwa jike wa kijivu, bingwa wa kurudi
kutoka mahali usipoweza kupatamka, Ubelgiji.
Ukaingiza mkono. Gumba mgongoni,
miguu yake katikati ya vidole viwili,
kama anavyoshikwa kwenu tangu babu.
Hukumshika sawa. Bawa likachomoka, likapiga taa,
unyoya ukatua juu ya swali la thelathini.
Lakini vidole vingine vilibaki. Vilimzunguka.
"Pima," ukasema, "haraka, kabla hajanichoka."

Itifaki inataka mkono mtupu, uliotulia, juu ya meza.
Nikapima mkono wenye njiwa,
na moyo wake ukidunda kwenye chuma cha kipimo
hata sindano isitulie.
Hamsini na mbili, au karibu yake.
Namba hiyo haimo kwenye jedwali.

Pete za makinda bado huwezi kuzivisha;
Trudka huvisha, nawe humkosoa.
Muwasho?
"Sita," ukasema, ukafunga boksi kwa kiwiko.
Ukafika mlangoni, ukageuka:
"Ila wamevua buti."