Kodi ya Kwanza

Miaka thelathini na moja nilichuma chai Mwakaleli,
majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi,
kazi ya gumba na shahada.
Vile vidole vingine vitatu vilisindikiza tu,
kama mashemeji kwenye safari ya posa.
Leo nina miaka sitini na miwili
na hao mashemeji ndio ninaowaamsha.

Dukani Mwanjelwa kijana aliniteremshia jekundu,
la umeme, linang'aa kama pikipiki mpya.
"Mama, hili linaongea."
Nikamwuliza: umeme ukikatika, litaongea na nani?
Akaleta kubwa, la nyuzi za chuma.
Nililikumbatia kama gunia la viazi,
mkono wa kulia ukapanda karibu na sikio,
bega likalia kabla uzi haujalia.
Nikabonyeza. Chuma kikanikata
kama waya wa banda la kuku.
Nikamrudishia.

Juu ya kabati, nyuma ya ngoma za plastiki,
kalikuwepo kadogo, ka nyuzi za nailoni,
shingo yake ikakaa kiganjani pangu barabara,
nyuzi zimelala karibu na ubao,
hazining'inii juu juu kama kamba ya kuanikia.
"Hilo la watoto, Mama."
"Nami nimezaliwa leo asubuhi. Taja bei."

Tulitoka laki na ishirini tukashuka mpaka tisini na tano,
na mfuko wa turubai juu yake,
maana nilimwambia ninakokaa:
kwetu mvua haina msimu, ina mapumziko.

Anayenifundisha ni Gwamaka, fundi redio.
Hana subira na watu, anayo kwa nyaya.
"Hii ni kodi ya kwanza," akasema, akinipanga vidole.
Nilicheka mpaka nikakohoa.
Kodi! Nimelipa ya baiskeli,
nimelipa ya kibanda cha ndizi,
ya jengo ambalo hata halijaisha,
na hii nailipa kwa nini?
"Kwa ngozi," akasema. "Tena haina risiti."

Nimekata kucha za kushoto, za kulia nimeziacha.
Kanisani Tumpe Mwasomola aliiona mikono yangu,
akamnong'oneza jirani yake.
Wengine huuliza waziwazi:
unatafuta kwaya? Unamlilia marehemu?
Hapana. Ambakisye hakuwa na gitaa wala hakuimba,
alipiga mluzi tu akikamua ng'ombe,
na mluzi wenyewe ulikuwa mbovu.
Nataka kujua
kama hivi vitatu vilikuwa na neno
muda wote ule.

Mwezi wa nne sasa.
Kidole cha pete kimeota sugu, kadogo, kama punje ya ulezi.
Kutoka kodi hadi kodi bado nachelewa:
wimbo unasimama mlangoni
ukinisubiri nipapase funguo mfukoni.
Ile wanayolaza kidole kizima juu ya nyuzi zote
Gwamaka anasema niiache kwanza.
Naijaribu akishaondoka.

Juzi usiku mvua ilipiga bati
hata sikujisikia.
Niliendelea.
Ubao ulitetemeka kwenye mbavu,
hapa, chini kidogo ya titi,
nikajua nimepatia, au nimekosea kwa nguvu.

Asubuhi nililitundika kwenye mzani wa zamani wa chai,
ule uliotupwa kituoni ulipoanza kudanganya,
nikauokota. Kilo moja na robo.
Sijui kwa nini nilipima,
mkono ndio uliotaka.
Majani ya uzito huo
niliyachuma kabla uji wangu haujapoa.

Uzi wa tatu ulikuwa umelegea usiku.
Nikaukaza nusu mzunguko, nikasikiliza,
nikaukaza tena, kidogo.