Pijo Lililoacha

Fundi Mchopa alifungua chujio
akanionyesha kiganjani:
utando wa njano, mwembamba,
kama ngozi inayokaa juu ya maziwa yaliyopoa.
"Hii si taka ya petroli," akasema.
"Hili ni tangi lenyewe, linajichuna."

Naijua ngozi hiyo. Nilikuwepo ilipozaliwa.
Kutu ilitoboa Pijo 404, likawa linadondosha
njia nzima, Masasi mpaka Ndanda,
na baba akasema mtu hauzi gari kwa tundu la sindano.
Akalishusha tangi, akalisugua ndani kwa kokoto na mnyororo,
akamimina gundi ya kopo, nzito, ya kutoa machozi,
kisha tukaligeuza, mimi na yeye, siku tatu uani,
ubavu huu, ubavu ule,
kama tunabembeleza mtoto mwenye chango.
Mwisho akatia lehemu pale chini, akafuta jasho.
"Basi. Hapa haingii mtu tena."

Ndio mwaka alioacha uraka.
Hakutangaza. Alianza tu kupita njia ya nyuma
msimu wa mabibo, mji mzima unaponuka kuchacha
na nyuki wanapepesuka juu ya mapipa.
Mama akiulizwa, alijibu:
"Mume wangu na gari lake walizibwa siku moja."

Mchopa akachukua chupa ya soda,
akatia maji, akaweka alama kwa ukucha wa msumari,
akaongeza petroli yangu, akaziba kwa dole gumba,
akatikisa.
Maji yakashuka chini, kama kawaida ya maji,
ila yalikuwa yamenenepa,
kidole kizima juu ya alama.
"Maji hayazai," akasema. "Hiyo nyongeza ni spiriti.
Imeitupa petroli, imefuata maji.
Magari ya leo yameizoea tangu kiwandani.
Hili la mzee, mpira wa pampu unavimba,
gundi inalainika,
na kabureta inakula ngozi."

Nilicheka, halafu nikanyamaza.
Miaka arobaini Pijo halijaonja,
likabeba wazazi wenye uchungu usiku wa mvua,
likabeba magunia ya korosho, likabeba jeneza la mwenyewe,
na leo nimelinywesha mimi,
kwa pesa yangu, mpaka juu.
Sikuuliza. Nani huiuliza petroli ukoo wake?

"Nilikate?" Mchopa akagonga tangi. "Halina mlango.
Kwa nje huwezi kujua limebaki na nini."

Mwaka wake wa mwisho, nilipokuwa namfulia,
niliinua kanzu moja karibu na uso.
Nikairudisha kwenye maji haraka.
Mama alikuwa barazani anachambua mchicha,
akauliza mbona natumia sabuni nyingi.
Nikasema, doa.

"Kata," nikamwambia Mchopa.
Akalijaza maji kwanza, moto usije ukatutafuta,
akashika msumeno wa mkono.
"Ila upande ule wa lehemu yake," nikasema,
"upande ule uache."

Ndani palikuwa na viraka: huku chuma kitupu,
huku gundi ya baba bado imeng'ang'ania,
ngumu, inang'aa,
hata ukucha haukuingia.

Siku hizi nikienda kituoni nabeba chupa yangu.
Lipwata, kijana wa pampu, ananicheka:
"Shangazi, unampima nani mkojo?"
Natia maji mpaka kwenye alama,
namwambia anidondoshee kidogo tu, cha kuonja.
Natikisa.
Foleni nyuma yangu inapiga honi.
Nangoja maji yatulie.