Safu ya Jina

Karani wa Hoima ananipa kitabu kwa mikono miwili
kama anayekabidhi mtoto mgonjwa.
"Usilowanishe kidole," anasema. "Kurasa hizi zinavunjika."
Mvua ya Septemba inapiga mabati ya ofisi ya wilaya,
na mimi, binti wa koplo wa polisi,
niliyekulia kota za Nsambya kwa Kiswahili cha gwaride,
namtafuta mtu aliyelima hapa kabla ya mabati,
kabla ya neno wilaya.

Ninachokijua nimekipata kwa shangazi Abwoli.
Alikuwa Araali, anasema.
Araali nani?
Araali tu. Jina la kuamkiwa nalo asubuhi,
jina ambalo mke huita anapotaka kuni.
Serikali haimdai mtu kodi kwa jina la mapenzi.
Lile jingine pia analo, ila halitoi upesi:
walipewa watoto waliofuatana na maziko.
Kaijabwango. Yaani, kile kinachokuja haraka.
Hakusema ni nini. Alitazama mlango.

Nilianzia kanisani.
Kitabu cha ubatizo kina Yohana kumi na wanne,
wote wa Jumapili moja, wote bila baba,
utadhani walizaliwa wakiwa na ndevu.
Mmoja ana neno "mkulima" ubavuni. Nikamfurahia wiki nzima,
nikamwombea misa,
mpaka shangazi akaniambia wetu alikataa maji.

Leo, ukurasa wa sitini na mbili, wino rangi ya chai.
Jina. Kilima. Nyumba. Rupia.

*Kaija*

na hapo kalamu imegota kwenye mstari mwekundu.
Safu nyembamba, jina refu, foleni nje,
mwandishi hakuwa na nafasi ya haraka.
Kilima: Kyamugasa.
Nyumba: moja.
Rupia: tatu, zimekatwa,
na kando, kwa herufi za kuibia,
ulezi, vikapu vinne.

Ulezi.
Nimelitamka kwa sauti, karani akainua macho.
Lugha hii ya kambini,
ambayo shangazi huicheka kuwa ni ya kufokea mahabusu,
ina neno moja kwa nafaka ile nyekundu
na kwa kazi ya kumkuza mtoto asife.
Yeye hakuijua. Alipima, akamwaga, akakung'uta vikapu,
akarudi kilimani navyo vitupu.

Lakini kina Kaija ni wengi.
Nusu ya makaburi ya Bunyoro huanza hivyo,
kinakuja usiku, kinakuja kwa wenyewe, kinakuja tena.
Huenda huyu ni babu wa mtu mwingine
na mimi namlilia bure mbele ya karani.

Nikatoka barazani, nikapiga simu.
"Kyamugasa," nikasema.
Kimya. Kuku wake nikawasikia, na mvua ileile upande wake.
"Vikapu vingapi?"
Vinne.
"Vinne vya kodi." Akavuta pumzi kama anayetua mzigo.
"Basi mwaka ule alivuna."

Hakuuliza ukurasa, hakuuliza tarehe.
Baada ya vita, baada ya ng'ombe kuoza malishoni,
baada ya watu kula mizizi ya migomba,
habari imemfikia leo, saa tano asubuhi, akiwa anachambua maharage:
alivuna.
"Jembe lake liko juu ya mlango," akasema. "Limelika hadi kufanana na kijiko.
Ulikuwa ukilichezea."
Nilidhani ni kijiko.

Kupiga picha hairuhusiwi. Nimenakili kwa penseli,
hata ile nafasi tupu baada ya jina
nimeiacha kwa upana wake.

Mlangoni kuna kitabu cha wageni, nacho kina mistari yake myekundu.
Jina. Simu. Sababu ya kuja.
Karani ananihimiza, anataka kufunga akale.
Naandika polepole, jina lote la baba yangu,
linavuka safu ya kwanza, linavuka ya simu,
linakwenda kuishia
kwenye sababu ya kuja.