Kabla Haijaganda

Fundi Mihayo hakunifundisha kuchoma.
Kuchoma, alisema, hata jiko linaweza.
Alinifundisha kushikiza.

Rezista zilazwe kwanza, fupi kabla ya ndefu,
ili ubao ukigeuzwa kifudifudi
kila kitu kiguse chini, kisining'inie.
Chini yenyewe ni sponji ya godoro kuukuu,
inayobonyea inapobonyezwa, ikashika bila kuumiza.
Kapasita, mapipa yale, zina tabia ya ulevi:
zitie tone la nta kiunoni.
Nta ya Sikonge, ya nyuki wa miombo,
hunukia duka zima pasi ikipita karibu,
mpaka wateja wanauliza asali ni kiasi gani.

Transista za nguvu, zile nne,
usizichome zikiwa zinaelea.
Zifunge kwanza kwa skrubu kwenye bati la kupooza,
zipange mabega,
ndipo miguu iingie tunduni bila kulazimishwa.
Ukichoma kwanza ukafunga baadaye
skrubu itavuta, shaba itabanduka,
nawe utalaumu kiwanda.

Mkono wa tatu tuliuunda kwa mbavu za mwavuli
na vibanio viwili vya nguo.
Tukauita Bi. Shikilia.

Choma mguu mmoja tu. Geuza. Tazama.
Umepinda? Yeyusha, nyoosha kwa kidole upande wa pili
(kidole kitaungua; ndiyo karo).
Ukishachoma mguu wa pili, umeshatia saini.
Kisha usipumue. Hesabu hadi tano.
Lehemu ikitikiswa kabla haijaganda
haing'ai; huwa ya kijivu, jicho la samaki wa juzi.

Na sisi tuko nyuma ya stesheni ya Tabora.
Treni ikiingia, meza hutetemeka,
skrubu hutembea zenyewe kwenye kisahani.
Sheria ya duka: ukisikia honi, pasi irudi kwenye kikalio chake.

Jumanne wanakwaya wa Cheyo walirudisha amplifaya yao.
Inaimba, walisema, ila ikipata joto
hukwaruza, na hukwaruza penye sala.

Nikaifungua. Nikagonga kwa kijiti cha mswaki
kiungo baada ya kiungo,
hadi spika ikakohoa.
Kijivu. Kimoja kati ya mia mbili na ushei.
Mwandiko wangu.

Nikakikumbuka.
Mwezi wa saba, usiku, treni ya Mpanda.
Honi niliisikia.
Pasi sikuirudisha.
Niliinua macho dirishani nione
Lugendo amekaa behewa la ngapi,
na kama angegeuka.

Mihayo alikitazama kwa lenzi, akanipa lenzi.
"Treni hiyo," akasema.
Hakuuliza ya wapi.

Nikakiyeyusha, nikakinyonya, nikatia risasi mpya.
Nikahesabu hadi tano.
Nikahesabu tena, ingawa kilikuwa kimeshang'aa.